Haki ya Kuusoma Msimbo: Mifumo Endeshi Huria na Watumiaji Wake Wazoefu

Inapoulizwa kwa nini watu waliobobea katika matumizi ya kompyuta huchagua mfumo endeshi ulio huria, jibu litolewalo kwa haraka ni bei. Linux haiuzwi, Windows inauzwa, basi mwenye busara huchukua kisichouzwa. Udhaifu wa jibu hili angeuona mara moja mkazi yeyote wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wa miaka ya 1990 na 2000. Katika miji hiyo nakala za Windows zisizo na leseni zilipatikana kwa bei isiyozidi sana ile ya diski tupu, na aliyenunua kompyuta iliyokwisha kutumika mara nyingi aliikuta Windows imo ndani tayari. Kwa mfuko wake, mifumo yote miwili ilikaribia kuwa bure. Huko Ulaya na Marekani nako, ambako leseni hulipiwa, wengi wa walioichagua Linux mapema walikuwa wahandisi, watafiti na wahadhiri ambao bei ya leseni moja isingewanyima usingizi. Kinachoeleza uchaguzi wao ni historia, na kwa sehemu kubwa historia hiyo ni ya usomaji: nani aliruhusiwa kuisoma matini inayoiendesha mashine, nani alizuiwa, na waliozuiwa walifanya nini.

Neno matini halikutumika hapa kwa ushairi. Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya mashine na programu nyingine zote. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaopanga mafaili kwenye diski, na unaoamua ni programu ipi ipewe zamu ya kutumia kichakataji na kwa muda gani. Kama ilivyo kwa programu yoyote, huandikwa na binadamu, na maandishi hayo, yaani msimbo chanzo, husomeka na kila mwenye elimu ya fani hiyo. Kompyuta yenyewe haitumii maandishi hayo bali tafsiri yake katika tarakimu, ambayo kwa binadamu haisomeki ila kwa taabu kubwa. Anayeuza mfumo endeshi bila msimbo chanzo, kwa hiyo, huuza tafsiri na kuifungia matini asilia kabatini.

Unix na kitabu kilichonakiliwa

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, mali ya kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C. Hatua hiyo husifiwa kwa kuwa iliuwezesha mfumo kuhamishwa kutoka aina moja ya kompyuta hadi nyingine. Husahaulika kwamba iliufanya pia usomeke kwa wepesi zaidi kuliko mifumo mingi ya wakati huo, iliyokuwa imeandikwa kwa lugha ya mashine moja moja.

AT&T haikuweza kuigeuza Unix kuwa bidhaa. Makubaliano yaliyofikiwa mahakamani mwaka 1956 kati ya kampuni hiyo na serikali ya Marekani, katika kesi ya kupinga ukiritimba, yaliizuia kufanya biashara nje ya shughuli za simu. Vyuo vikuu vilivyoiomba Unix vilipewa kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake chanzo, na bila ahadi yoyote ya huduma baada ya hapo. Sharti hili la mwisho ndilo lililozaa matunda. Aliyeupokea mfumo hakuwa na fundi wa kumpigia simu, hivyo alilazimika kuusoma ili ajitengenezee mwenyewe.

Miongoni mwa waliousoma alikuwa John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales kilichoko Sydney, Australia. Kati ya mwaka 1976 na 1977 aliwatayarishia wanafunzi wake vitabu viwili. Cha kwanza kilibeba msimbo wa kiini cha Toleo la Sita la Unix, mistari ipatayo 9,000. Cha pili kilikuwa maelezo yake, sehemu kwa sehemu. Mtindo huu hauhitaji utambulisho kwa wanafunzi wa Kiswahili, kwani ndio wa mhakiki anayeweka utenzi na sherehe yake. Lions aliamini kwamba mwanafunzi wa uhandisi hujifunza kuandika kwa kusoma kazi nzuri za wengine, imani ambayo katika idara za fasihi ni ya kawaida lakini katika idara za kompyuta za wakati huo ilikuwa ngeni.

Katika msimbo huo, mahali ambapo mfumo unaiondoa programu moja kwenye kichakataji na kuiingiza nyingine, watunzi walikuwa wameacha dokezo la kumwambia msomaji kwamba hakutarajiwa kupaelewa. Dokezo hilo lilipata umaarufu, na wengine wakaliona kuwa ni majivuno. Ritchie alikuja kueleza kwamba walikusudia maana ya mwalimu asemaye kuwa jambo fulani halimo katika mtihani. Tena akakiri kwamba wao wenyewe hawakuwa wakielewa sawasawa kilichotendeka pale. Msimbo uliofichwa usingeweza kamwe kutoa ungamo la namna hiyo.

Mwaka 1979 lilitoka Toleo la Saba, na leseni yake ikakataza msimbo kutumiwa kufundishia. Kitabu cha Lions kikawa kitu cha kupitishwa kwa mkono. Wanafunzi na wahandisi wa nchi mbalimbali walikitoa fotokopi, kisha wakatoa fotokopi ya fotokopi, hata herufi zikafifia. Aliyewahi kushughulika na miswada ya Kiswahili iliyonakiliwa na makatibu wengi anaijua hali ya matini inayoishi kwa sababu tu wasomaji wake hawakubali ife. Hakikutolewa rasmi kwa umma hadi mwaka 1996, na Lions alifariki mwaka 1998.

Mtumiaji mzoefu anayezungumziwa hapa alizaliwa katika kipindi hiki. Alizoea kwamba mashine ikifanya kioja, hufunguliwa matini na sababu hutafutwa humo. Alipokuja kunyimwa matini, aliliona jambo hilo kama kupokonywa kitu alichokuwa nacho.

Kufungiwa na kujiandikia

AT&T ilivunjwa mwanzoni mwa mwaka 1984, na kwa kuvunjwa huko ikapata ruhusa ya kuingia katika biashara ya kompyuta. Unix ikawa bidhaa. Kampuni nyingine, zilizokuwa na leseni zake, zilitoa Unix zao zilizotofautiana na ambazo msimbo wake ulifungwa.

Wakati huohuo, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Richard Stallman alikuwa amekwisha kuchukizwa na mabadiliko ya aina hiyohiyo. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha printa. Printa ya zamani ya maabara ilikuwa na programu ambayo Stallman aliirekebisha ili iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama. Printa mpya iliyoletwa na Xerox haikuja na msimbo wake. Alipomwendea mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao, alikataliwa, kwa kuwa mtafiti huyo alikuwa ameweka ahadi ya kutoutoa. Jambo lenyewe ni dogo, karatasi zilizokwama tu, lakini lilimwonyesha kwamba ahadi ya siri baina ya mtu na kampuni ni wakati uleule ahadi ya kutomsaidia jirani.

Mnamo Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kuandika mfumo kamili unaofanana na Unix na ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1989 ilitolewa leseni yake kuu, GPL. Werevu wake ni wa kisheria. Haki ya kunakili, ambayo kwa kawaida humpa mtunzi nguvu ya kuwazuia wengine, hapa ilitumiwa kuwazuia wengine wasizuie: anayeugawa msimbo huo, hata akiwa ameubadili, sharti ampe anayepokea haki zilezile alizopewa yeye.

GNU ilikuwa na zana nyingi nzuri lakini ilikosa kiini. Kiini kilitoka kwingine, na njia yake inapita tena katika katazo la 1979. Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam, aliponyimwa Unix ya kufundishia aliandika mfumo wake mdogo, MINIX, na kuutoa mwaka 1987 pamoja na kitabu kilichochapa msimbo wake. Kitabu hicho kilisomwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari takribani 10,000. Mwaka 1992 aliuweka chini ya leseni ya GPL, na kiini chake kikaunganishwa na zana za GNU.

Si haki kuusimulia ushindi wa Linux kana kwamba ulitokana na ubora peke yake. Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilikuwa na mfumo uliokomaa zaidi, BSD, ambao msimbo wake nao ulikuwa ukifunguliwa. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliyomiliki Unix ilikwenda mahakamani, na shauri halikumalizwa hadi mwanzoni mwa mwaka 1994. Katika miaka hiyo miwili nani angejenga nyumba kwenye kiwanja chenye kesi? Wengi walihamia Linux, na hawakurudi.

Bure, huru na huria

Kwa Kiingereza vuguvugu hili lilisumbuliwa na msamiati tangu mwanzo. Neno alilolichagua Stallman hubeba maana mbili, ya kutolipiwa na ya kuwa na uhuru, na maisha yake yote amekuwa akieleza kwamba alikusudia ya pili. Mwaka 1998 baadhi ya wenzake walibuni jina jingine, lenye maana ya chanzo kilicho wazi, ili kuzivutia kampuni za biashara zilizoogopa maneno ya uhuru. Mgawanyiko ukabaki: upande mmoja husema juu ya haki za mtumiaji, upande wa pili juu ya ubora wa kazi inayokaguliwa na wengi.

Kiswahili kililikwepa tatizo la kwanza bila kutoa jasho. Bure ni bure, na huru ni huru; tena bure ina kivuli cha kitu kisicho na faida, kama katika kazi bure, kivuli ambacho hakuna angependa kukitwika mfumo endeshi. Neno lililokubalika ni huria, nalo linastahili kutazamwa kwa makini. Wasemaji walikuwa wamelizoea katika soko huria, msemo wa mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, ambapo lina maana ya kuondolewa vizuizi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kililipa maana ya mlango ulio wazi kwa kila mwenye nia. Kwa hiyo programu huria hubeba kwa neno moja maana zote mbili zilizowatenganisha wenye vuguvugu hilo kwa Kiingereza. Kama huo ni utajiri au ni utata, wanaistilahi wana nafasi ya kubishana.

Kinachopatikana kwa kusoma

Msimbo wa kiini cha Linux leo umepita mistari milioni 30. Hakuna anayeusoma wote, na watumiaji wengi wazoefu hawajapata kuusoma hata ukurasa mmoja. Je, haki isiyotumiwa ina thamani gani? Sehemu ya jibu ni kwamba tabia ya kusomeka imeenea katika mfumo mzima, mbali na kiini. Mipangilio yake huandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo hufunguliwa, hunakiliwa na hulinganishwa na ya mwenzio. Matukio ya mfumo huandikwa katika kumbukumbu zinazosomeka. Zana zake ni ndogondogo, kila moja ikifanya kazi moja, na tangu mwaka 1973 Unix imekuwa na njia ya kuziunganisha ili tokeo la moja liwe malighafi ya nyingine. Mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili atakuwa na huruma na mtindo huu: viambishi vifupi, kila kimoja na kazi yake, hupangwa kwenye mzizi na kutoa neno ambalo halikuwamo katika kamusi.

Sehemu ya pili inahusu muda. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 2025, na toleo lililofuata hukataa rasmi kompyuta nyingi za zamani ambazo bado zinafanya kazi. Uamuzi huo hauna rufaa. Katika Linux toleo pia huzeeka na kuachwa, lakini walio tayari kuliendeleza hawazuiwi na mtu. Ni kwa sababu kama hizi kwamba wanaoendesha mashine kubwa kuliko zote duniani walikwisha kuamua: tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko nyingine hutumia Linux.

Haifai kuficha upande wa pili. Mhasibu ambaye programu yake ya hesabu hufanya kazi kwenye Windows tu atabaki Windows, awe mzoefu au la. Tena msimbo ulio wazi si msimbo ulio salama kwa sababu tu ya kuwa wazi. Mnamo Machi 2024 Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio yenye Debian kulichelewa kwa takribani nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia, na tarehe 29 mwezi huo akatangaza kwamba xz, programu ya kubana mafaili inayotumiwa karibu kila mahali, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Aliyeutia, kwa jina ambalo linaaminika kuwa la bandia, alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani ya msimamizi mmoja aliyechoka. Kinachofaa kuzingatiwa ni mahali ulipofichwa: katika mafaili ya majaribio yasiyosomeka kwa macho, na katika vifurushi vya kugawa vilivyotofautiana kidogo na msimbo uliowekwa hadharani. Mhalifu aliikwepa sehemu inayosomwa. Toleo hilo liliondolewa kabla halijaingia katika Debian thabiti.

Kiswahili ndani ya mfumo

Mwaka 2004 Microsoft ilitangaza mpango wa kuutafsiri mfumo wake kwa Kiswahili, na kazi ilifanyika. Vifurushi vya Kiswahili vilipatikana kwa Windows XP na kwa matoleo yaliyofuata. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilikuwa na mradi wa Kilinux, jina ambalo kiambishi chake cha lugha kilitangaza nia nzima. Tunda lake la kwanza mashuhuri, Jambo OpenOffice, lilitolewa Desemba 2004. Hakuna aliyeombwa ruhusa.

Tofauti ya miradi hiyo miwili haikuwa katika ustadi wa watafsiri. Ilikuwa katika kile ambacho mtafsiri aliweza kukigusa, na sarufi ya Kiswahili inalidhihirisha jambo hili kuliko lugha nyingi. Mwanaprogramu wa Kiingereza huandika sentensi moja yenye nafasi tupu ya nomino, na hutarajia itumike kwa kila kinachofutwa. Kwa Kiswahili faili limefutwa, folda imefutwa, ujumbe umefutwa, kiungo kimefutwa na mtumiaji amefutwa. Sentensi moja haitoshi. Hali ni hiyohiyo kwa kitufe chenye neno moja la Kiingereza lenye maana ya -pya: ni jipya, mpya au kipya, kutegemea kitakachoundwa, na kitakachoundwa hakikutajwa kwenye orodha aliyopewa mtafsiri. Hata faili lenyewe lina matatizo yake, kwa kuwa wapo wanaolitia katika ngeli ya li-ya na wapo wanaolitia katika i-zi.

Mtafsiri wa mfumo uliofungwa hupokea orodha ya maneno na hurudisha orodha ya maneno. Pasipo na upatanisho hana la kufanya ila kutafuta neno lisilodai upatanisho, na ndiyo maana skrini nyingi za Kiswahili zimejaa nomino za kitenzi zisizo na mtenda wala mtendwa. Mtafsiri wa mfumo huria anaweza kurudi hadi kwenye msimbo, akaona nafasi ile tupu hujazwa na nini, na akawapelekea watunzi marekebisho ya kuigawa sentensi moja kuwa tano. Zana za GNU za tafsiri ziliweka pia mahali pa kueleza muktadha wa neno, ili neno moja la Kiingereza liweze kupewa tafsiri tofauti katika vitufe tofauti.

Ruhusa ya kutafsiri haileti watafsiri, wala haiwalipi. Hata hivyo kazi iliyofanywa katika mifumo hii hukaa katika mafaili ya maandishi, sentensi ya Kiingereza juu na ya Kiswahili chini yake, na mara nyingi tarehe ya marekebisho hutajwa. Mtafiti wa istilahi anayetaka kujua kama watafsiri walichagua kipanya au puku, barua pepe au baruameme, kompyuta au tarakilishi, na walipoamua kubadili, anaweza kuyafungua mafaili hayo leo na kuyasoma mstari kwa mstari.